Serengeti Boys na Tarehe ya Kuzaliwa

Mtu wa Bisibo, wilayani Biharamulo, akitaka kwenda kutazama mpira Uwanja wa Benjamin Mkapa (zamani Uwanja wa Taifa) jijini Dar es Salaam ana safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Ashike njia ya Nyakanazi, apite Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, basi likipenda alale njiani. Akitaka kwenda Muyinga nchini Burundi, anaelekea upande wa pili, anaikata wilaya ya Ngara hadi Kabanga, anavuka mpaka wa Kobero, na baada ya mwendo mfupi amefika. Akifika huko haoni ugeni sana, kwa sababu Kihangaza cha Ngara na Kirundi vinasikilizana.

Kwa watu wa upande huu wa Kagera, basi, kombe la kwanza la Serengeti Boys, timu ya taifa ya wavulana chini ya miaka 17, lilitwaliwa kwa jirani. Mashindano ya CECAFA, ya kanda ya Afrika Mashariki na Kati, ya umri huo yalichezwa Burundi mwezi Aprili 2018, katika miji ya Gitega, Muyinga na Ngozi. Tanzania iliiondoa Kenya kwenye nusu fainali, kisha ikaifunga Somalia mabao 2-0 kwenye fainali iliyopigwa Ngozi. Haikuwa kawaida kwa timu ya taifa ya Tanzania ya umri wowote kurudi nyumbani na kombe mkononi, na vijana hawa walilileta kutoka mji ambao malori ya mizigo ya Dar es Salaam huuendea kwa kupita hapa hapa kwetu, Nyakahura, Benaco na Kabanga.

Lakini mashindano yale yalikuwa na jambo jingine, na jambo hilo ndilo linaloibeba historia yote ya Serengeti Boys. Zanzibar, ambayo kwenye CECAFA hucheza kivyake, ilisafiri hadi Burundi ikaondolewa kabla ya kufanya lolote. Kosa lilikuwa umri. Kikosi chake kilikuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe iliyowekwa. Watoto waliosafiri kutoka visiwani hadi Maziwa Makuu wakarudi na mabegi yao.

Serengeti Boys wanayajua maumivu hayo, kwa kuwa nao yaliwahi kuwapata.

Mwaka 2004 jina la timu hii lilikuwa tayari limezoeleka masikioni mwa wapenda soka. Tanzania ilikuwa imekaa miaka mingi bila kuiona fainali kubwa ya Afrika. Taifa Stars, timu ya wakubwa, walikuwa wamecheza Lagos mwaka 1980, na tangu hapo simulizi ilikuwa ile ile ya "tulikaribia". Ndipo vijana wakafuzu. Walipita raundi baada ya raundi mpaka wakapata tiketi ya fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizopangwa kufanyika Gambia Mei 2005. Nchi ikafurahi. Kisha ikabainika kwamba mchezaji mmoja alikuwa amevuka umri, na shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaiondoa Tanzania. Nafasi yake ikaenda Zimbabwe.

Kwa lugha ya viwanjani mchezaji wa namna hiyo huitwa kijeba. Neno hili halikuanzia kwenye shirikisho la soka la nchi, TFF, wala CAF. Liko kwenye chandimu, liko kwenye ligi za ndondo, liko hasa kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambako kila mwalimu wa michezo amewahi kusimama pembeni ya uwanja akinyoosha kidole na kusema yule si mwanafunzi, yule ni baba wa mtu. Watu hucheka. Mwaka 2005 kicheko hicho kiliigharimu nchi nzima, na waliolipa zaidi ni wale vijana wengine wa kikosi kile waliokuwa na umri halali. Wao walikuwa wamefuzu kihalali kwa miguu yao, na nafasi ya umri wa miaka 16 haingojei mwaka ujao.

Tatizo halikuwa la Tanzania peke yake, wala la Afrika peke yake. Karatasi inaandikwa na mtu, na mtu anaweza kuandika anachotaka. FIFA ikatafuta kitu ambacho hakiandikwi. Watafiti wake waliwapiga picha za MRI vijana wa mataifa tofauti, miongoni mwao wa Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina, wakitazama kifundo cha mkono. Mfupa mkubwa wa kigasha, ule ulio upande wa kidole gumba, una gegedu karibu na mwisho wake, na mfupa huongezeka urefu kupitia gegedu hilo. Kadiri kijana anavyokua gegedu linapungua, mpaka sehemu mbili za mfupa zinaungana na kuwa kitu kimoja. Watafiti waliligawa hilo katika hatua sita. Wakaona kwamba mvulana ambaye hajatimiza miaka 17 ni nadra mno kuwa amefika hatua ya sita, yaani mfupa umeungana kabisa. Kuanzia Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria, kipimo hicho kikaingia rasmi kwenye mashindano, na CAF nayo ikakifuata.

Kipimo hiki hakisomi tarehe ya kuzaliwa. Kinasoma mfupa, na wapo vijana wachache wa miaka 16 ya kweli ambao mifupa yao imewahi. Hao huachwa nje bila kosa lolote, na ni haki kulisema hilo wazi. Kwa wasichana FIFA haikitumii, kwa sababu mifupa yao hukomaa mapema zaidi. Hata hivyo, kwa timu iliyowahi kuondolewa kwa sababu ya umri, mashine ile ilikuwa nafasi ya kusimama mbele ya Afrika bila shaka yoyote.

Kikosi kilichoitumia nafasi hiyo kilianza safari mwaka 2016. Kocha alikuwa Bakari Shime, aliyetokea Mgambo Shooting ya Tanga, na mashabiki walishamzoea kwa jina la Mchawi Mweusi. Pembeni yake alikuwepo Kim Poulsen, Mdenmark aliyewahi kuifundisha Taifa Stars, akiwa mshauri wa timu za vijana. Rais wa TFF wakati huo, Jamal Malinzi, alikuwa ameamua fedha na kambi ziende kwa vijana. Serengeti Boys waliichapa Shelisheli jumla ya mabao 9-0. Wakaenda Afrika Kusini wakatoka sare ya 1-1, wakarudi Chamazi, Dar es Salaam, wakashinda 2-0. Hapo watu wakaanza kuamka. Afrika Kusini ilikuwa imecheza Kombe la Dunia la umri huo mwaka uliotangulia, tena ilikuwa na shule za soka ambazo sisi tulizisikia tu.

Raundi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Kongo Brazzaville. Dar es Salaam, Septemba 2016, Tanzania ilishinda 3-2. Marudiano Brazzaville, ikafungwa 1-0. Jumla 3-3, na Kongo ikapita kwa faida ya mabao ya ugenini. Tulikaribia tena.

Safari hii hadithi haikuishia hapo. TFF ilikata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. CAF ikaagiza kijana huyo apelekwe kupimwa MRI. Kongo haikumpeleka. Mwanzoni mwa Februari 2017 CAF ikaitoa Kongo na kuipa Tanzania nafasi, na wakati huo huo fainali zenyewe zilihamishiwa Gabon baada ya Madagaska kupokonywa uenyeji. Miaka 12 baada ya tiketi ya Gambia kupotea kwa sababu ya umri, tiketi ya Gabon ilipatikana kwa sababu hiyo hiyo. Wapo waliosema ni tiketi ya mezani. Hoja hiyo haina uzito. Kanuni ilikuwepo kabla ya mechi, timu zote mbili ziliijua, na Tanzania ilikuwa imejifunza kanuni hiyo kwa gharama kubwa kuliko yeyote.

Kabla ya kuondoka, timu ililetwa Kagera. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2017 Serengeti Boys walicheza mechi mbili za kirafiki dhidi ya Burundi kwenye nyasi bandia za Kaitaba mjini Bukoba, wakashinda zote mbili. Mkoa ulikuwa bado haujamaliza kufukua kifusi cha tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba na madarasa. Timu za taifa hazifiki Bukoba mara kwa mara. Watu wa mkoa huu huzisikia redioni. Kwa hizo siku chache kijana wa Kagera aliweza kuwatazama ana kwa ana rika lake waliovaa jezi ya nchi: nahodha Dickson Job akipanga mabeki, kipa Ramadhani Kabwili akipiga kelele golini. Baadaye timu ikapitia Morocco na Kamerun kwa kambi na mechi za majaribio, kisha ikatua Libreville.

Mechi ya kwanza, Mei 15, ilikuwa dhidi ya Mali, bingwa mtetezi. Ilimalizika 0-0. Ukiwauliza waliotazama watakwambia Mali walikuwa na mpira muda mwingi na Tanzania walikuwa na nidhamu muda wote. Mei 18 Serengeti Boys wakaifunga Angola 2-1. Ushindi huo ulikuwa wa kwanza kwa timu ya Tanzania katika fainali za Afrika za vijana, na ghafla hesabu ikawa nyepesi kuliko ilivyowahi kuwa kwa timu yoyote ya nchi hii. Timu nne zinazoingia nusu fainali zinakwenda Kombe la Dunia nchini India mwezi Oktoba. Tanzania ilihitaji sare tu dhidi ya Niger.

Mei 21, Niger ikashinda 1-0.

Pointi nne kwa nne. Tofauti ya mabao sawa kwa sawa, kila timu imefunga sawa na ilivyofungwa. Kanuni ikaangalia mchezo wa wao kwa wao, na Niger ikapita. Mali ikaja kuwa bingwa kwa kuifunga Ghana, Niger ikaenda India, na vijana wa Shime wakarudi nyumbani. Bao moja ndilo lililowatenganisha na Kombe la Dunia. Katika historia ya soka ya Tanzania hakuna bao lililofungwa dhidi yetu lenye bei kubwa kama lile, ukiyaweka na yote ya Taifa Stars.

Hata hivyo kikosi kile hakikupotea. Dickson Job alikwenda Yanga, akawa beki wa kutegemewa wa klabu na wa Taifa Stars, na alikuwemo kwenye kikosi kilichocheza fainali za Afrika nchini Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024. Timu ya vijana inapimwa hivyo pia, kwa majina yanayopanda ngazi, na Gabon ilitoa zaidi ya jina moja.

Baada ya kombe la Burundi, ikaja heshima ya kuandaa. Fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilifunguliwa Dar es Salaam Aprili 14, 2019, kwa mechi za Uwanja wa Taifa na Chamazi. Kocha sasa alikuwa Oscar Mirambo, na macho yote yalikuwa kwa Kelvin John, mshambuliaji ambaye mashabiki walimbatiza Mbappe. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Nigeria inastahili kusimuliwa taratibu. Nigeria waliongoza 3-1 hadi mapumziko. Kipindi cha pili Tanzania wakarudi kama maji ya Kagera wakati wa masika. Bao, bao tena, na tena, na mara ubao ukasoma 4-3 kwa wenyeji. Uwanja ulikuwa haukaliki. Nigeria wakasawazisha, wakaongeza, na mechi ikaisha 5-4.

Timu ile haikupona na pigo hilo. Uganda waliifunga 3-0 siku tatu baadaye, Angola wakaimaliza 4-2. Mabao sita ya kufunga, 12 ya kufungwa, na mwenyeji akawa nje kwenye hatua ya makundi. Lawama zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa za haki: kikosi chenye makali ya mbele namna ile kilihitaji mabeki waliokaa pamoja muda mrefu zaidi. Ila mshambuliaji aliyekuwa amebeba matumaini yale hakukwama pale. Kelvin John alikwenda kusoma na kucheza Uingereza, akasajiliwa na Genk ya Ubelgiji, kisha akaelekea Denmark.

Na umri haukukosa kujitokeza Dar es Salaam. Guinea ilifika fainali na kufungwa na Kamerun kwa mikwaju ya penalti. Baadaye ikagundulika kwamba wachezaji wake wawili walikuwa wamewahi kushiriki mashindano nchini Japani wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea ikafutwa, na Senegal ikapewa nafasi yake kwenye Kombe la Dunia nchini Brazil. MRI haikuwakamata wale. Walikamatwa na karatasi zao wenyewe, mbili zisizofanana.

Miaka iliyofuata ilikwenda kwa kusuasua. Desemba 2020, Serengeti Boys walikwenda Rubavu nchini Rwanda, wakafika fainali ya CECAFA na kufungwa na Uganda, lakini nafasi mbili za Afrika zilikuwepo na Tanzania ikawa imefuzu kwenda Morocco. Corona ikayafuta mashindano hayo ya 2021 yakiwa mlangoni. Kizazi kizima kikapitwa bila kufungwa na mtu. Fainali za 2023 kule Algeria Tanzania haikuwemo.

Wakati wavulana wamekwama, dada zao wakapita. Serengeti Girls, timu ya wasichana chini ya miaka 17, iliifunga Kamerun jumla ya mabao 5-1 mwezi Juni 2022 na kuwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania, ya umri na jinsia yoyote, kufuzu Kombe la Dunia la FIFA. Kombe lenyewe lilikuwa India. Kocha wao alikuwa Bakari Shime.

Mtu aliyeikosa India kwa bao moja mwaka 2017 aliifikia miaka mitano baadaye na kikosi kingine. Haikuanza vizuri, Japani waliwafunga 4-0 Oktoba 12. Siku tatu baadaye, Goa, Tanzania wakaifunga Ufaransa 2-1, bao la ushindi likiwa la penalti iliyopigwa na Christer Bahera. Sare ya 1-1 na Kanada ikawavusha robo fainali, ambako Kolombia waliwatoa kwa 3-0. Serengeti Girls wanapaswa kuandikwa kwenye kurasa hizi hizi za Serengeti Boys, maana kazi ya kambi, ya ualimu na ya kutafuta vipaji ilikuwa moja, na waliovuna ni wao.

Wavulana walirudi kwenye fainali za Afrika Machi 2025, nchini Morocco, safari hiyo timu zikiwa 16. Zambia, Uganda na wenyeji, wote watatu, wakawafunga, na vijana wakarudi bila pointi. Uganda, waliokuwa nao kundi moja, waliutumia ushindi wao wa 3-0 dhidi ya Tanzania kushika nafasi ya tatu ya kundi, wakapita mechi ya mchujo, na Novemba mwaka huo walikuwa Qatar wakicheza Kombe la Dunia. Huko nao wakaifunga Ufaransa. Jirani aliyetufunga Dar es Salaam, Rubavu na Morocco ndiye sasa anayetuonyesha njia, na hakuna aibu kuitazama kazi yake kwa makini: ligi za vijana zinazochezwa kila wiki, na shule za sekondari ambazo michezo yake inafuatiliwa na nchi nzima.

Kwa wilaya za mpakani kama Ngara na Biharamulo, swali la umri lina uzito wa pekee. Watu wa huku wamehama na kuhamia, wengine wamepita kambi za wakimbizi za miaka ya 1990, wengine wamezaliwa nyumbani mbali na zahanati, na tarehe ya kuzaliwa ikabaki kuwa ya kukumbukwa na bibi: mwaka ule wa mvua nyingi, mwaka ule wa vita vya jirani. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na umri halali na kipaji halali na bado akakosa karatasi ya kumtetea siku maskauti wa TFF wanapokuja kwenye UMITASHUMTA ya mkoa. Mwalimu anayemjazia fomu tarehe ya kubuni anadhani anamsaidia, kumbe anamfungia mlango wa baadaye, kwa kuwa tarehe hiyo itamfuata kwenye cheti cha shule, kwenye pasipoti na kwenye mfumo wa usajili wa FIFA.

Tangu mwaka 2013, kwa kuanzia Mbeya na kuendelea mkoa hadi mkoa, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, imekuwa ikiwasajili watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hutolewa hapo hapo bila malipo. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa 2013 atatimiza miaka 17 mwaka 2030, na makocha wa Serengeti Boys wakikiita kikosi cha wakati huo, wengi watakaoitwa watakuja na cheti kilichoandikwa wakiwa bado wamebebwa mgongoni.